Mgonjwa wa tiba shufaa anapotania kifo chake: ucheke, unyamaze au uulize?

MuuguziWaKata

Wakuu, habari za kazi. Swali hili ni kwa mnaohudumia wagonjwa wa saratani majumbani na wodini, hasa wale ambao tiba ya kuponya imefika mwisho na kazi iliyobaki ni kutuliza maumivu na kuwasaidia waishi vizuri siku walizonazo.

Mafunzo yanatueleza kusikiliza, kuonyesha huruma, kutoa taarifa mbaya hatua kwa hatua. Likija suala la mzaha, unaambiwa "tumia busara", basi. Wakati mzaha ndio tunaokutana nao kila siku. Mzee wa tezi dume anaulizwa anaendeleaje, anajibu: "Mimi niko tayari, fundi wa kaburi tu ndiye anayechelewa." Watoto wanaangua kicheko, mkewe anainamisha kichwa. Bibi anamwita muuguzi wa kiume "mume wangu" na kumdai mahari. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ambaye ugonjwa umetoka nje na kuwa kidonda chenye harufu, anasema: "Nzi wananipenda kuliko ndugu zangu." Na mlangoni kabla hujaingia, kaka mkubwa anakuvuta pembeni: "Sista, mchangamshe tu, ugonjwa wake usimtajie."

Sasa unajuaje huo ni mzaha na si kilio? Nani ana ruhusa ya kuuanzisha? Na hao wa mlangoni unawajibu nini? Naomba maneno yenyewe mnayoyatumia. Nadharia ninazo za kutosha.

---

Zamu_ya_Usiku

Kabla ya maneno, maumivu. Tumia mkono: ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo sana, vidole vitano ni makali kupita yote. Aliye kwenye vidole vinne au vitano usimtanie kabisa. Atakachosikia ni kwamba hujamwamini. Mpe dawa kwanza. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hivi, hufika kileleni karibu saa moja baada ya kunywa, na inadumu kama saa 4. Kwa hiyo mazungumzo mazito, na mepesi vilevile, yapange katikati ya dozi mbili, yasiangukie dakika za mwisho kabla ya dozi inayofuata. Siku 2 au 3 za mwanzo za mofini wengi husinzia. Akikujibu kwa mkato usidhani amekasirika. Uliza na choo. Mtu ambaye hajapata choo siku nne hana nafasi tumboni ya kicheko, na kama yuko kwenye mofini bila dawa ya kulainisha choo, kosa ni letu.

Jingine dogo: usiite mofini "dawa ya kulewa" hata kwa utani. Familia nyingi tayari zinaamini ni dawa ya mwisho au ya kumfanya mtu teja. Ukishatania hivyo, kesho utakuta chupa imefichwa kabatini na mgonjwa anapewa nusu dozi.

Halafu salamu. Salamu zetu zinaficha ugonjwa. "Habari za leo?" "Nzuri." "Hujambo?" "Sijambo." Mtu anaweza kuwa saa zake za mwisho na akakujibu sijambo, kwa sababu hiyo ni adabu, si taarifa ya afya. Usiiruke. Toa shikamoo kwa anayestahili, sikiliza marahaba yake, uliza za watoto. Kisha vuta kigoda, kaa macho yenu yalingane, barakoa ishushe kama hali inaruhusu ili auone uso wako, na useme: "Haya, hiyo ilikuwa salamu. Sasa nieleze usiku ulikuwaje." Wengi hutabasamu hapo. Huo ni mzaha tosha wa kuanzia, na haumgusi yeye wala mwili wake.

Sasa fundi wa kaburi. Makosa ni mawili na yote yanafanana kwa matokeo. La kwanza ni kucheka na kupita, ukafungua begi la dawa. Amejaribu kina cha maji akaona wewe hutaki kuingia, hatakujaribu tena. La pili ni kumkemea kwa upole: "Mzee usiseme hivyo, Mungu yupo." Hapo umemwambia kwamba kifo ni neno la mwiko mbele yako. Ninachopendekeza:

Pokea mzaha kwanza. Tabasamu, au jibu fupi kama "Na mafundi wa siku hizi ndivyo walivyo." Kisha nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, usishike kitu. Mara nyingi anaendelea mwenyewe. Asipoendelea, mrudishie neno lake: "Umenichekesha mzee. Ila kaburi umelitaja wewe. Huwa linakujia?" Akirudi kwenye mzaha, muache, ameshajua kwamba siku akitaka utakaa. Sauti ikishuka, au akitazama ukuta, weka kalamu chini na ubaki hapo. Usikimbilie kumpa moyo. "Niambie zaidi" inatosha, au "Kipi kinakusumbua zaidi, kufa kwenyewe au unaowaacha?" Majibu yake ndiyo kazi yako ya wiki hiyo: mwingine anaogopa kukosa pumzi, mwingine hajaandika wosia wa shamba, mwingine hajapatana na mtoto wa kwanza.

Na yule mke aliyeinamisha kichwa usimsahau. Usimuulize mbele ya mumewe. Akikusindikiza: "Mama, lile neno la kaburi naona lilikuchoma."

La nzi silihesabu kuwa mzaha. Ni malalamiko mawili. La kwanza linamalizwa kwa mikono: osha kidonda taratibu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kwa nusu lita, usisugue, kinavuja damu haraka. Saga vidonge vya metronidazole, dawa ya kuua bakteria, viwe unga laini, nyunyiza juu ya sehemu inayonuka, funika, rudia kila siku. Chandarua hata mchana. Kama maumivu huongezeka wakati wa kuosha, apate dozi ya mofini nusu saa kabla. Mwambie wazi kwamba harufu inatokana na bakteria kwenye nyama iliyokufa, haitokani na uchafu wake. La pili ni "kuliko ndugu zangu". Hilo huliulizi siku ya kwanza na huku umeinama na pamba. Harufu ikipungua, rudi: "Juzi uliniambia nzi wanakupenda kuliko ndugu. Ndugu gani hasa?" Harufu yenyewe usiitanie kamwe, hata kama yeye anaitania.

Mwisho, kicheko kinauma. Mwenye mshono tumboni, aliye na saratani iliyofika kwenye mbavu, aliyejaa maji tumboni: mpe mto aukumbatie. Anayehema usimchekeshe, ataanza kukohoa na kupaniki. Muulize maswali ya ndiyo na hapana tu.

---

KotiJeupe

Zamu ameeleza vizuri, naongeza upande wa kitabibu ambao husahaulika. Mzaha uliobadilika ghafla ni dalili.

Mtu aliyekuwa mtulivu maisha yake yote anaanza vichekesho vya matusi mbele ya wakwe. Familia inasema "angalau amechangamka". Fikiria mambo matatu. Kwanza dexamethasone, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe: inaweza kumfanya mtu aongee bila kituo, asilale, ajione mzima. Angalia dozi na saa ya kuinywa. Itolewe asubuhi, si jioni. Pili, uvimbe wa ubongo sehemu ya mbele, uwe wa hapohapo au uliosambaa kutoka kwenye titi au pafu. Tatu, kuchanganyikiwa kwa ghafla: kunapanda na kushuka ndani ya siku moja, usiku kunazidi, anavutavuta shuka, anaona watu darini. Tafuta maambukizi, choo kigumu, mkojo uliozuilika, kalsiamu iliyopanda, au mofini inayorundikana kwa sababu figo zimechoka. Swali la kumuuliza ndugu ni fupi: "Zamani alikuwa hivi?" Kwa aliyechanganyikiwa usitanie kabisa. Kicheko cha watu wawili pembeni ya kitanda anaweza kukitafsiri kuwa wanapanga kumuua. Taja jina lako kila unapokaribia, sentensi fupi, taa ndogo iwake usiku, mlezi awe yuleyule.

Kuna pia kicheko kisicho na furaha, hasa baada ya kiharusi au kwenye magonjwa ya neva yanayodhoofisha misuli. Mtu anacheka akiambiwa msiba. Waelezeni ndugu kwamba ni neva, si dharau. Wengine wameacha kumtembelea mzee wao kwa jambo hili tu.

Sasa kaka wa mlangoni. Usibishane naye, na usikubali kirahisi. Anachoogopa kina msingi, kwa hiyo kiulize: "Unaona akijua itakuwaje?" Kwa kawaida atasema atakata tamaa, ataacha kula. Endelea: "Wewe unadhani mwenyewe amegundua nini mpaka sasa?" Hapo mara nyingi kaka mwenyewe anakiri kwamba mzee ameanza kugawa vitu. Kisha weka mpaka wako bayana: "Sitamlazimisha kusikia asichotaka. Ila akiniuliza moja kwa moja sitamdanganya, kwa sababu nikimdanganya leo, kesho hata dawa hataniamini. Unaonaje tukiwa wote ndani?" Wengi hukubali. Asipokubali, omba muda wa siku mbili tatu, usitumie nguvu.

Ukiingia, muulize mgonjwa kiasi anachotaka: "Wapo wanaopenda kujua kila kitu, wapo wanaopenda mtu wao asikie kwa niaba yao. Wewe uko upande gani?" Akisema "mwambieni mwanangu", hiyo nayo ni haki yake. Iandike.

Wagonjwa wengi huuliza muda kwa mlango wa nyuma, na mlango huo ni mzaha. "Dokta, ninunue viatu vipya au hivi vitanifikisha?" Usijibu viatu. "Unaniuliza viatu, mzee, au unaniuliza muda?" Akisema muda, fuata mpangilio: anajua nini, anataka kujua kiasi gani, ndipo useme. Wanaotumia SPIKES, ule mpangilio wa hatua 6 wa kutoa taarifa mbaya uliochapishwa mwaka 2000 na kina Baile na Buckman, wanajua kwamba kabla ya taarifa kuna sentensi ya kumwandaa: "Nilichonacho si habari nzuri." Kuanzia sentensi hiyo mpaka hisia zake zitulie, wewe mhudumu hutanii hata kidogo. Yeye akitania, pokea, ni ngao yake, usimnyang'anye. Muda utaje kwa ukubwa wake bila tarehe: "Tunahesabu miezi michache, huenda pungufu", au "Sasa tunahesabu wiki", au "siku". Tarehe ukiitaja, ikipita ataonekana mdaiwa, na isipofika utaonekana mwongo.

Maneno ya kufuta kabisa: "hakuna tunachoweza kufanya tena" (kipo, mofini unayo mkononi), "najua unavyojisikia", "jikaze", na "Mungu hampi mtu mzigo asioweza". Hilo la mwisho aseme mgonjwa mwenyewe akipenda.

---

Ustawi_wa_Jamii

Mnazungumza kana kwamba mzaha ni wa muuguzi na mgonjwa peke yao. Kwetu mzaha una wenyewe. Mzaramo na Mnyamwezi, Mhehe na Mngoni, Mchaga na Mpare: utani huu una miaka mingi, mwingine umetokana na safari za misafara ya kwenda pwani, mwingine na vita vya karne ya 19. Mtani anaruhusiwa kusema mbele ya kitanda neno ambalo mtoto wa kuzaa akilisema analaaniwa. "Unangoja nini? Sisi tumeshapika ubwabwa." Na msibani mtani ndiye anayemwigiza marehemu anavyotembea na anavyokohoa, ndiye anayezuia shughuli mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi.

Kwa hiyo ukimkuta mtani anamporomoshea mgonjwa maneno mazito, usimtoe nje kwa kudhani ni ukatili. Mtazame mgonjwa. Anajibu mapigo? Macho yanamfuata? Acha. Amefumba macho, amegeukia ukuta, anajibu "mm" tu? Basi amechoka, mwambie mtani kwa lugha ya utani huohuo kwamba muda wa kutembelea umekwisha na faini yake ni kuchota maji. Mgonjwa dhaifu wageni watanie kwa dakika 10 au 15, si zaidi, na baadaye muulize faraghani nani anataka aje na nani amemchosha. Nimwongezee KotiJeupe: Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (kituo cha kutunza wagonjwa wasiopona) ya St Christopher's huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ni ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Mtani anaigusa ile ya kijamii kuliko kidonge chochote: anamtendea mgonjwa kama mtu aliyekuwa jana.

Utani mwingine ni wa ukoo. Babu na bibi kwa wajukuu, mashemeji, na katika makabila mengi mabinamu. Kinyume chake ni mkwe: hapo ni heshima na umbali. Muuguzi ambaye kwa bahati anaitwa "mkwe" katika nyumba ile asijaribu kabisa kuchekesha.

Muuguzi hana utani wa kuzaliwa nao katika nyumba ya watu. Anapewa. Usijitangaze "mimi mtani wako" siku ya kwanza kwa kusoma jina la ukoo kwenye faili. Ngoja mgonjwa akuulize kwenu wapi. Hilo swali ndilo mlango. Asipouliza, kaa na Simba na Yanga, ni utani wa taifa zima, ila uliza kwanza timu yake na matokeo ya wiki hiyo.

Yule bibi anayedai mahari amekupa nafasi ya mjukuu. Ikubali: "Mke wangu, ng'ombe wako njiani, ila nimesikia hujala tangu jana. Nioe mwenye njaa?" Atakunywa uji kwa ajili ya huo mzaha. Lakini nafasi hiyo ni ya maneno tu. Ukifika wakati wa kumfunua, kumuuliza choo au kuangalia kidonda, toka kwenye nafasi hiyo kwa sauti: "Sasa bibi naomba niwe nesi kidogo." Ukimaliza na kumfunika, mrudie. Bila hivyo aibu itamfanya afiche damu anayotoka.

Na wapo wanaume wanaotumia mlango huohuo kumsumbua muuguzi wa kike. Saratani haimpi mtu ruhusa. "Hapo mzee umevuka. Nimalizie kidonda." Sauti ya kawaida, bila tabasamu, na ziara zijazo muwe wawili.

---

Afueni_Pwani

Natofautiana kidogo na ndugu wa Ustawi. Huo utani wa makabila ni hazina ya Tanzania. Huku Kenya usiufungue wewe mhudumu. Kabila kwetu limebeba siasa na kura, na wodi ina vitanda vinane vinavyosikiliza. Neno ambalo Tabora ni mapenzi, hapa laweza kufika kwa msimamizi kama malalamiko. Utani wa ajuza na mjukuu, huo tunao na unafanya kazi. Mwingine salama ni wa matatu, bei ya unga, mvua, na ubaya wa chai ya hospitali. Chai ya hospitali haina mtetezi.

Nyumba za Waislamu huku pwani, angalieni saa za mwisho. Pumzi ikibadilika, jamaa watataka kumsomea Yasini, kumuelekeza kibla na kumkumbusha shahada kwa upole. Kazi yako hapo ni kuhakikisha amelala pakavu, kinywa kimelowa, maumivu yameshikwa, na wewe mwenyewe kukaa pembeni. Mzaha wa dakika tano zilizopita umekwisha, hata kama alikuwa mcheshi wa mtaa. Mhudumu mwanamume kwa mgonjwa mwanamke aulize kwanza nani abaki chumbani. Kwa Wakatoliki, padri akija kwa mpako wa wagonjwa ni hivyohivyo.

Simu. Ufuatiliaji mwingi sasa ni wa simu na hapo ndipo mzaha huharibika zaidi, maana uso hauonekani na mtandao unakata katikati ya sentensi. Swali lako la kwanza liwe: "Niko kwenye spika?" Mara nyingi uko, na sebule nzima inasikiliza, pamoja na yule mwana ambaye hajaambiwa. Akikuchekesha kwa simu, cheka, kisha sema kwa maneno kile ambacho uso ungesema: "Nimecheka, lakini nimesikia pia kwamba hukulala." Ujumbe wa vikaragosi vya kucheka mwachie yeye.

Mkalimani. Bibi anasema kilugha tu, basi anaitwa mjukuu wa miaka 12 atafsiri. Usikubali kwa mazungumzo ya ugonjwa: atapunguza maneno kumlinda bibi, na atabeba siri isiyo ya umri wake. Tafuta mtu mzima asiye mrithi. Kaa umtazame mgonjwa, si mkalimani. Sentensi moja moja. Mwisho mwombe mgonjwa arudie alichoelewa. Na usitanie kupitia mkalimani. Mzaha hufika umechelewa, wewe umeshakunja uso kwa swali linalofuata, na bibi anabaki hajui acheke au asikitike. Akitania yeye, omba utafsiriwe neno kwa neno kabla ya kucheka. Kucheka usichokielewa anakuona.

Wenye saratani ya koo la chakula, ya ulimi, au waliotobolewa koo: wape daftari na kalamu nene, na wakati. Mzaha ulioandikwa unachukua dakika nzima, na ukimmalizia sentensi umemnyang'anya kitu pekee alichobaki anakifanya vizuri.

Halafu, Zamu, ulipendekeza dozi kabla ya kuosha kidonda. Sawa, lakini si kila muuguzi anaweza kuamua hilo peke yake. Kwa wenzetu Uganda, tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini. Kwingine lazima daktari awe ameiandika mapema kama dozi ya ziada. Hakikisha iko kwenye karatasi kabla ya kutoka kituoni, la sivyo utaishia kumchekesha mtu ili asahau maumivu uliyoyaleta mwenyewe.

---

MuuguziWaKata

Shukrani sana wote. Hilo la spika limenipa kazi ya kufanya leo hii. Mawili yamebaki. Ukikosea, neno likatoka na likamuumiza, unafanyaje? Na mizaha yetu sisi kwa sisi, ile ya chumba cha chai, mnaionaje? Kuna wanaosema ikomeshwe.

---

Zamu_ya_Usiku

Ukikosea utajua: tabasamu linaganda, anavuta shuka, au ndugu wanaanza kuangaliana. Rekebisha hapohapo, usingoje ziara ijayo, huenda asiwepo. "Neno langu la sasa hivi halikuwa zuri. Samahani." Kisha nyamaza. Usiseme "nilikuwa natania tu", maana hapo unamwambia tatizo ni yeye asiyejua utani. Usijieleze. Kama kuna mzee wa familia hapo, naye aombwe radhi, kwa sababu umemkosea mgeni wake. Ziara inayofuata nenda bila mzaha kabisa mpaka yeye aufungue, na mwambie anayekupokea zamu asije akarudia lilelile.

Ya chumba cha chai siikatai, na anayesema ikomeshwe sidhani amekaa wodi hizi. Ila ina mipaka. Mlango ufungwe, na pazia si mlango. Jina la mgonjwa lisitajwe, wala mwili wake, wala harufu. Isiingie kwenye kundi la WhatsApp, maana picha ya skrini haina siri. Gari la kituo mkiwa mmempakia ndugu wa mgonjwa, kimya. Na mkiona mizaha yote ya wiki inamhusu mgonjwa mmoja, huyo amewalemea. Kaeni dakika 10, kila mtu aseme kinachomshinda kwake. Mara nyingi ni mtu ambaye maumivu yake hayajashikika na kila mmoja anaona haya kusema.

---

KotiJeupe

Nyongeza ya faili, kwa sababu hapa ndipo kazi yote hupotea. Msiandike "mgonjwa mchangamfu". Neno hilo humfanya wa zamu inayofuata asiulize chochote. Andikeni vidole, saa ya dozi ya mwisho, maneno yake yenyewe ndani ya alama za kunukuu, mlichojibu, na kilichofuata. Mfano: "Vidole 2, mofini saa 4 asubuhi. Amesema: 'Ninunue viatu au hivi vitanifikisha?' Ameulizwa kama anauliza muda, amekubali. Anataka kujua yote, mtoto wa pili awepo. Mazungumzo Alhamisi saa 5 asubuhi, nyumbani. Kaka mkubwa bado anapinga, amepigiwa simu." Dakika mbili. Na kama mgonjwa amesema mzaha asiotaka familia iusome, usiuandike kwenye kadi inayobaki nyumbani. Uandike kwenye faili la kituo.